Mkono wa Mchinjaji

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amemkalia mtu kifuani. Mtu mwenyewe alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mnene, na kofia yake ya pama ilikuwa imebingirika hadi kwenye reli. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye treni, bibi harusi mpya, sanduku kichwani, nimeletwa Itigi na mume wangu aliyekuwa karani wa tiketi. Nikauliza hao wanagombania nini. Mume wangu akajibu bila hata kugeuka, "Huyo wa juu ndiye Mchinjaji. Ndiye jirani yetu."

Baadaye nikaelezwa. Ng'ombe wa yule mchuuzi alikuwa amevunjika mguu njiani, akalala, akagoma kuinuka, na mchuuzi akampaka pilipili machoni ili ainuke kwa nguvu. Mchinjaji alipoona hivyo alichukua pilipili ileile akampaka mwenye mali. "Mnyama nitamchinja mimi," alikuwa akimwambia huku mtu analia kama mtoto. "Wewe nani alikupa ruhusa ya kumtesa?" Kisha akainuka, akanawa, akamwendea ng'ombe pale alipolala, akamshika sikio na kumsemesha polepole. Nikajisemea, Mungu wangu, nimeolewa wapi.

Jina lake nalijua, ila pale hakuna aliyelitumia. Kwa wote alikuwa Mchinjaji. Kabila lake sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia alikotoka. Alikuwa mrefu, mikono mirefu kupita kiasi, kanzu daima safi kuliko za shehe. Kisu alikificha mgongoni, akikaribia mnyama kwa upande asioonwa. Kunoa alinoa nyumbani kwake, mlango umefungwa, kwa sababu alisema mbuzi akisikia chuma kwenye jiwe anakufa mara mbili. Kijana mmoja wa machinjioni aliwahi kunoa kisu mbele ya mafahali. Alipigwa makofi mpaka akakimbilia kwenye behewa la mizigo, na treni ikaondoka naye hadi Manyoni.

Huo ndio ulikuwa ugomvi wa maisha yake. Watu wazima aliwapiga. Wanyama aliwabembeleza. Watoto hakuwagusa kamwe, wala hakuwapandishia sauti. Na mkewe, mwanamke mfupi aliyemfika kifuani, alikuwa akimchapa yeye kwa mwiko, mchana kweupe, akimfukuza kuzunguka nyumba kwa sababu kasahau kuleta kuni, na jitu zima linakimbia limeshika kanzu. Tulikuwa tunacheka hadi machozi. Mkewe alipofariki, alikaa kibarazani siku nyingi bila kumpiga mtu yeyote, na mji ukaingiwa na wasiwasi.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelewe jambo moja. Pale Wakristo na Waislamu tuliishi ukuta kwa ukuta, na Mkristo mwenye sherehe hakuthubutu kuchinja mwenyewe. Ukichinja mwenyewe, jirani Mwislamu ataona ni kibudu, atakuja, atakaa, atakunywa maji, ataondoka na njaa, na wewe utabaki na aibu ya kuwafukuza wageni kwa mdomo wa sufuria. Kwa hiyo mkesha wa Krismasi foleni ya kuku na mbuzi ilianzia mlangoni kwa Mchinjaji na kuishia kwenye pampu ya maji. Alikuwa analalamika: "Sikukuu yenu, jasho langu." Lakini ole wako upite bila kumletea.

Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa kutoka Ihanja, hakulijua hilo, au alilijua akalidharau. Alikuja kwenye ubatizo wa binti yetu Vero, akachinja mbuzi mwenyewe nyuma ya nyumba, akijisifu kwamba mkono wake bado una nguvu. Majirani wakaja. Mchinjaji akaja. Akanusa, akauliza, "Nani amechinja?" Baba mkwe akasema, "Mimi. Kuna neno?" Mchinjaji aliliendea sufuria likiwa linachemka, akalipiga teke, mchuzi ukamwagika mpaka miguuni mwa mchungaji. Mume wangu alimrukia, nikamrukia na mimi, viti vikavunjika. Mchinjaji akatuponyoka akaondoka, na mimi nikaapa mbele ya watu kwamba Mchinjaji hatakanyaga tena kwangu.

Alirudi muda si mrefu, akimswaga beberu wake mwenyewe, mnono. Akamchinja, akamchuna, akawasha moto, akakaa akipuliza kuni machozi yanamtoka kwa moshi, hadi nyama ikaiva na watu wote wakala sahani moja, wa kanisani na wa msikitini. Kisha akamchukua Vero mikononi, akamwambia baba mkwe, "Mtoto huyu amebatizwa na mji mzima. Mlitaka abatizwe na nusu?" Baba mkwe alikula akakomba sahani. Mpaka anakufa alikuwa akimwita "yule mwendawazimu wenu", na kila barua ya salamu lazima amtaje.

Tangu siku ile akawa babu wa Vero, sikuulizwa. Na baada ya mkewe kufariki akawa anakula kwangu kila Jumapili, baada ya sisi kutoka ibadani. Jioni tunatembea bustanini.

Bustani yetu ilikuwa kando ya stesheni. Mzungu mmoja wa reli aliipanda zamani, ikazungushiwa ua wa minyaa, ikawekwa benchi la saruji na njia zenye mawe yaliyopakwa chokaa. Wakati wa mkoloni mtu mweusi aliingia na jembe tu. Uhuru ulipokuja, ikawa yetu, na kwa kuwa bomba la kunyweshea injini lilivuja upande ule, ilikuwa kijani mwaka mzima wakati Itigi yote ni vumbi na vichaka vya miiba. Kutembea mle na mtoto Jumapili, umevaa gauni lako, mume kavaa tai, kulikuwa ni kuonyesha kwamba na sisi tumefika. Mchinjaji alitucheka. "Mnaenda wapi mmenyooka hivyo? Mnazunguka mnarudi palepale!" Lakini alikuja kila Jumapili, kanzu imepigwa pasi. Vero alimlazimisha aruke kutoka jiwe moja la chokaa hadi jingine bila kugusa chini. Akigusa, anarudia. Watu waliowahi kupigwa naye walikuwa wanasimama nje ya ua kumtazama.

Halafu ikaja operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Wengine walihama kwa hiari yao, wakapata shule na maji, siwezi kusema uongo. Lakini sisi wa stesheni tuliona na wale waliopakiwa kwenye malori kwa mitutu, huku nyuma yao nyumba zikiwaka ili wasirudi. Mama mmoja alishushwa pale kwetu kubadilisha lori akiwa amekumbatia jiwe la kusagia tu. Ndilo alilowahi.

Siku moja mgambo walifika machinjioni na mbuzi waliowaokota huko kwenye moto. Walikuwa na njaa. Wakamwamuru Mchinjaji awachinjie. Aliwatazama wale mbuzi, akauliza, "Wenyewe wako wapi?" Mkubwa wao akasema hayamhusu. Mchinjaji akaweka kisu chini. "Mimi sichinji mali ya mtu anayelia." Wakampiga kwa vitako vya bunduki mbele ya soko zima, wakamvunja meno ya mbele, wakampiga mateke alipoanguka. Alipoweza kukaa alitema damu akarudia maneno yaleyale, safari hii kwa kibogoyo. Mgambo wakachinja wenyewe na kula wenyewe. Hakuna mtu wa mji aliyenunua hata kipande.

Malori yalibeba watu. Hayakubeba mbwa. Wale mbwa walibaki wakizunguka majivu, wakakonda, wakaanza kula mizoga porini, na kiangazi kilipokaza wakaanza kuingia mjini. Wengine walikuwa na kichaa. Mmoja alimng'ata muuza mkaa mguuni, kidonda kidogo tu, naye akakifunga na kitambaa akaendelea kuuza mkaa wake. Wiki kadhaa zikapita. Halafu tukasikia makelele. Walimfungia kwenye chumba cha jirani na soko. Akiletewa maji anajirusha ukutani. Alikuwa akijing'ata mikono mwenyewe, akilia jina la mama yake, na ilichukua muda mrefu mpaka aliponyamaza. Hakuna mtu wa Itigi wa wakati ule ambaye hakumsikia.

Jumapili ile tulikuwa bustanini kama kawaida. Mimi na mume wangu tulikuwa nyuma, tunagombana kuhusu jambo nisilolikumbuka. Vero alikuwa mbele na babu yake, kwenye mawe. Mbwa alipenya kwenye minyaa. Hakubweka. Alikuwa wa rangi ya vumbi, mate yanachuruzika, anatembea upandeupande, na macho yake hayakutazama kitu chochote. Vero akasema, "Babu, mbwa!" kwa furaha, akanyoosha mkono.

Nilimwona Mchinjaji akimtupa Vero pembeni kama furushi, na mbwa akiwa tayari angani. Hakuwa na kisu. Bustanini hakuingia na kisu hata siku moja. Alimpokea yule mbwa kwa mikono, wakaanguka wote, wakagaragara kwenye maua, mngurumo wa mbwa na wa mtu usijue upi ni upi. Akamshika miguu ya nyuma, akainuka naye, akampigiza kwenye benchi la saruji. Akampigiza tena. Na tena, mbwa akiwa amekwisha kufa, mpaka mume wangu alipomkumbatia kwa nyuma na kusema, "Basi, mzee. Basi. Imetosha."

Damu ilikuwa kwenye chokaa, kwenye kanzu, kwenye gauni jeupe la Vero. Mchinjaji akaenda kwenye bomba. Akanawa kama dini yake inavyotaka kwa najisi ya mbwa, mara saba na mojawapo kwa udongo, akisugua mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Nilimuuliza, "Mzee, amekung'ata?"

"Hajanigusa meno. Hii damu ni yake."

Akamgeukia Vero, akanyoosha mikono iliyotakata ambebe. Mtoto akapiga yowe. Akarudi kinyumenyume, akajificha kwenye sketi yangu, akawa anasema, "Asinishike! Asinishike!" Hakuwa anamwogopa mbwa. Ule uso wa mzee pale naukumbuka kuliko damu. Mgambo walimvunja meno na hakuonyesha chochote, lakini yowe lile lilimfikia mahali. Akashusha mikono, akasema, "Mpelekeni nyumbani," akaondoka peke yake.

Jumapili iliyofuata hakuja kula. Nikasikia pia kwamba hachinji. Kila anayempelekea mnyama anaambiwa kisu kimeharibika, au leo anaumwa mgongo. Wenye hoteli wakaanza kunung'unika. Nikampikia ugali na mlenda, nikampelekea mwenyewe. Alikuwa kibarazani. Akanikaribisha, nikamwambia shikamoo, akaitikia, akavuta sahani akaanza kula. Kwa mkono wa kushoto.

Mwislamu yule, aliyewahi kumpiga mtu kofi kwa kumpa kitu kwa kushoto! Niliudaka mkono wa kulia, nikaupandisha mkono wa kanzu. Kiganja kilikuwa kimevimba, na chini ya kidole gumba kulikuwa na matundu ya meno, yameanza kufunga.

"Mzee! Ulisema hajakugusa!"

"Nimeosha."

"Umeosha nini? Kichaa kinaoshwa?"

"Nimeosha kama nilivyofundishwa. Najisi imetoka. Kilichobaki ni cha Mungu."

"Kilichobaki kinatibiwa hapo hospitali ya misheni, sindano zipo. Yule muuza mkaa wewe hukumsikia?"

"Nilimsikia." Akashusha kanzu. "Sikiliza, Mama Vero. Nikienda pale, jioni mji mzima unajua. Mkono huu ndio Krismasi yenu na ndio Idi yetu. Nani atakula nyama iliyoshikwa na mkono wenye meno ya mbwa kichaa? Wewe utakula?"

"Mbona mwenyewe umeacha kuchinja? Kama umetakata, kachinje!"

Hapo nilimpata, na alijua nimempata. Alikuwa amelificha jeraha ili watu waendelee kumletea, na walipomleta mnyama hakuthubutu kumgusa, asije akawadhuru. Akaitupa sahani, ikapasuka kwenye mwimo wa mlango karibu na kichwa changu. "Toka! Niache nife na jina langu!"

Nilitoka. Nilimtukana kwa Kinyaturu njia nzima, matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenipiga. Nikaingia ofisi ya tiketi bila kubisha hodi, nikamwambia mume wangu achukue makuli wa stesheni na kamba ya mizigo. Akaanza, "Lakini mke wangu, yule ni mzee wa watu, huwezi kumfunga mtu mzima..." Nikamwambia, "Mwanao anapumua kwa sababu ya nani? Kama unaogopa, nipe hiyo kamba na suruali yako nivae mimi."

Wakaja. Sitaki kuipamba. Tulimpiga mzee wa watu. Yeye alimng'oa kuli mmoja jino, akamkaba mume wangu hadi tai ikakatika, na mimi nilimkalia miguu huku makuli wakimfunga mikono, kisha miguu, kwa katani. Tukampakia kwenye mkokoteni. Alikuwa akipiga kelele, "Niueni! Niueni, lakini msinifunge!" Na kutoka kwake kwenda misheni hakuna njia isiyopita sokoni, na siku ile soko lilikuwa limejaa. Watu wakaacha kununua. Mtu mmoja akacheka, "Leo mchinjaji ndiye kafungwa miguu!" Nilimwendea nikamzaba kibao cha mdomo. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na kila mtu alikwisha kuuliza amefanyaje, na kila mtu akajibiwa.

Walimchoma sindano za tumboni, siku baada ya siku. Siku ya kwanza walimfunga kitandani. Baada ya hapo alilala mwenyewe, akatazama dari, hakusema na mtu. Nilipeleka chakula, akala. Nilimsalimu, hakuitikia, na mzee kukunyima marahaba ni adhabu kubwa kuliko kofi. Kichaa hakikumshika. Aliishi.

Na yote aliyoyasema yakawa. Idi ilipofika alisimama machinjioni toka asubuhi, kanzu safi, kisu mgongoni, na hakuna aliyemletea hata kuku. Hawakumtukana. Walipita wakimwamkia kwa heshima, wanyama wao wakiwapeleka kwa mtu mpya aliyetoka Manyoni. Mimi nilibeba jogoo wangu, Mkristo siku ya Idi, nikampelekea. Akamwangalia, akakata kamba ya miguu, akamwacha jogoo akimbie sokoni. "Sili sadaka," akaniambia. Wiki ileile akapanda treni, na tukabaki na nyumba yenye kufuli.

Miaka ikapita. Sisi tukahamishwa, mume wangu akastaafu, tukarudi upande wa Singida. Vero akasoma, akawa mwalimu, akapangiwa shule huko Mtinko, nami nikaenda kumtembelea. Tukaenda mnadani kununua kuku.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa mzee kabisa sasa, amekaa kwenye gunia, anauza chumvi na kamba za kufungia ndama. Nikamsogelea. "Shikamoo, mzee."

Akainua macho. Akasimama, taratibu, akishika goti. Kisha akanipiga kofi. Kofi la kweli, na mkono wa kulia, hadi kilemba kikadondoka na masikio yakavuma. Mnada ukasimama. Vijana wawili wakamrukia, wengine wakashika fimbo, mtu anasema, "Anampiga mama wa watu!" Nikapaza sauti, "Mwacheni! Asiguswe! Ni mzee wangu!"

Wakamwachia. Alikuwa anahema. "Uliniua, Mama Vero," akasema. "Uliniua ukaniacha natembea."

Shavu lilikuwa linawaka. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nalia, na sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Hata leo ningekufunga tena."

"Najua," akasema. Halafu sauti ikashuka, akawa kama mtu anayeogopa jibu. "Mtoto je?"

Vero alikuwa nyuma yangu. Mambo ya bustani alikuwa akiyakumbuka nusunusu, mbwa na benchi na yowe lake mwenyewe, mengine nilimsimulia mimi. Alipita mbele yangu, akapiga goti kwenye vumbi mbele ya mnada mzima, mwalimu na sketi yake ya pasi, akasema, "Shikamoo, babu." Yule mzee aliangalia mkono wake wa kulia, ule aliotoka kunipigia, akaurudisha nyuma, akakificha kiganja kwenye kanzu. Vero akanyoosha mkono, akautoa huko ulikojificha, akauweka kichwani kwake mwenyewe.

"Marahaba," akasema Mchinjaji. "Marahaba, mwanangu."